Sketi ya Madoa ya Chui

Kitambaa kilichochapwa madoa ya chui hakikosekani katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam wala yale ya Eastleigh jijini Nairobi, na hata hivyo wanawake wengi wanaojishonea nguo hukipita kwa kuamini kwamba ni kitambaa cha sherehe, cha mabinti, au cha mtu anayependa kutazamwa. Sifa hiyo haitokani na kitambaa bali na mishono kinayopewa. Kikibanwa mapajani, kikapasuliwa hadi juu ya goti na kuongezewa marinda ya urembo, huwa nguo ya usiku mmoja. Kikikatwa katika umbo la kawaida, kikamkaa mvaaji kiunoni na kushuka hadi chini ya goti, huvaliwa kazini, sokoni, kanisani na kwenye shughuli za jamaa, kwa kuwa rangi zake, yaani hudhurungi, rangi ya mchanga na nyeusi, ndizo rangi za viatu, mikoba na blauzi ambazo watu wengi tayari wanazo. Sura hii inajengwa juu ya hoja moja: katika sketi ya madoa ya chui kiwanda kimekwisha kumaliza kazi ya urembo, na kazi yote iliyobaki kwa mshonaji ni kuifanya sketi ikae; lakini madoa hayohayo yanayoficha mishono yake huficha pia kasoro wakati anapoijaribu mwilini, kwa hiyo hawezi kuyategemea yamwambie kama sketi imekaa.

Namna madoa yanavyofanya kazi ilielezwa kwa kina na mwanazuolojia Mwingereza Hugh Cott katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu rangi za wanyama. Mnyama hutambulika hasa kwa sababu jicho hufuata mstari wa nje wa mwili wake, na mwili ukiwa na mabaka ya giza na mwanga yasiyofuata mstari huo, jicho hupoteza umbo na kuona vipande tu vya kivuli na jua. Chui aliyelala juu ya mgunga hupotea kwa njia hiyo. Juu ya nguo hali ni ileile kwa kiwango kidogo: mshono unaopita katikati ya madoa hauonekani na mtu aliyesimama hatua tatu mbali, na tone la mchuzi lililoanguka pajani linaweza kukaa siku nzima bila kugunduliwa. Kwa mbunifu matokeo yake ni ya kikatili kidogo, kwani mifuko ya kubandika, mishono ya mapambo na vipande vilivyounganishwa kwa ustadi vyote humezwa, na fundi anayetumia alasiri nzima kuvitengeneza amefanya kazi ambayo hakuna atakayeiona.

Si kila kitambaa kinachouzwa kwa jina la chui kina madoa ya chui. Chui wa Afrika ana madoa yaliyojikusanya katika vikundi vya mviringo usiofunga, vyenye rangi iliyokolea kidogo katikati, na madoa hayo hugeuka kuwa matone meusi yaliyojaa kadiri yanavyokaribia kichwa na miguu. Duma ana matone meusi yaliyojaa mwili mzima. Jagwa wa Amerika ana miviringo mikubwa zaidi yenye vitone vidogo ndani yake. Wachoraji wa viwandani huchanganya watatu hao bila haya, wala mnunuzi hana sababu ya kugombana nao, ila tofauti hizo zina uzito katika mshono. Matone ya duma, yakiwa madogo na yanayolingana, kwa mbali huonekana karibu rangi moja, ilhali miviringo ya jagwa ni mikubwa kiasi kwamba mahali inapoangukia mwilini lazima pachaguliwe. Michoro ya twiga ni migumu zaidi, hasa ile inayomwiga twiga wa kaskazini mwa Kenya, ambaye mabaka yake yenye pembe hutenganishwa na mistari myembamba myeupe. Mstari mweupe uliokatizwa na mshono hauwezi kujificha. Pundamilia ni mgumu kuliko wote, kwa kuwa mistari ina mwelekeo, na kila mshono ni mahali ambapo mwelekeo huo ama unaendelea ama unavunjika mbele ya macho ya watu. Anayejishonea kwa mara ya kwanza na aanze na chui.

Ngozi yenyewe ilikuwa vazi la mamlaka muda mrefu kabla ya kuwa mchoro. Watawala wengi wa Afrika ya Kati na Mashariki waliivaa au kuikalia, na nchini Zaire Mobutu Sese Seko aliifanya kofia ya ngozi ya chui kuwa sehemu ya sura yake rasmi. Huko Paris, Christian Dior alitumia kitambaa kilichochapwa madoa ya chui katika mkusanyo wake wa kwanza wa Februari 1947, na tangu hapo mchoro huo haujawahi kutoka kabisa katika nyumba za mitindo za Ulaya. Mwaka 1962 Jacqueline Kennedy, mke wa rais wa Marekani, alionekana na koti la ngozi halisi, na hamu ya makoti ya namna hiyo ikapanda kiasi cha kumfanya mbunifu wake, Oleg Cassini, alijutie baadaye. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaojulikana kwa kifupi chake cha CITES, ulitiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, na chui yumo katika orodha yake yenye masharti makali kuliko zote. Nchini Tanzania ngozi yake ni nyara ya serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa la jinai. Kitambaa kilichochapwa humpa mvaaji madoa na kumwachia chui ngozi yake.

Dukani, jambo la kwanza kuangaliwa si mchoro bali mfumo wa kitambaa. Kwa sketi ya aina hii kinafaa kitambaa kilichofumwa kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi zinazokwenda na urefu wa kitambaa na zile zinazozikatiza, badala ya jezi, ambayo hutengenezwa kwa vitanzi vya uzi, huvutika, na hudai mbinu zake za kushona. Uzito wa kati, wa gramu 150 hadi 220 hivi kwa mita ya mraba, hushuka vizuri bila kung'ang'ania mwili. Maduka mengi hayaandiki uzito, kwa hiyo mnunuzi hupima kwa mikono: hukishika kitambaa juu ya mwanga ili aone kama vidole vyake vinaonekana upande wa pili, kisha hukifinyanga pembe moja ndani ya kiganja kwa muda mfupi na kukiachia, kwani mikunjo itakayobaki hapo ndiyo itakayobaki makalioni baada ya safari ya daladala. Pamba nzito kiasi, krepu ya polista, na pamba iliyochanganywa na spandeksi asilimia mbili au tatu zote hufaulu mtihani huo kwa viwango tofauti. Satini haifai, ingawa ndiyo inayovutia zaidi kwenye rafu. Mng'ao wake huonyesha kila bonde na kila mlima wa mwili, na hivyo hufuta faida yote ya madoa.

Ukubwa wa madoa na upole wa rangi zake ndivyo vinavyoamua kama sketi itavaliwa mara moja kwa mwezi au mara mbili kwa wiki. Madoa ya upana wa sentimita mbili hadi nne huonekana waziwazi kama ya chui bila kuutawala mwili, nayo hufaa miili mingi, mikubwa na midogo. Kuhusu rangi, kitambaa ambacho tandiko lake (rangi ya chini inayobeba madoa) ni la mchanga au la kahawia hafifu, na madoa yake ni ya hudhurungi na nyeusi, hupatana na blauzi nyeupe, nyeusi, ya maziwa, ya kijani cha jeshi, ya buluu ya jinzi na hata nyekundu, na vilevile na kilemba au hijabu ya rangi moja. Mvaaji anachopaswa kufanya ni kuchagua sehemu ya juu isiyo na mchoro. Tandiko jeupe lenye madoa meusi tititi hupiga kelele zaidi na kupatana na vichache. Madoa ya rangi ya waridi au zambarau yana wapenzi wake, lakini kitambaa hicho hakiwezi kutumika kila mahali, na hakuna mkato utakaokibadili.

Kabla ya kukatiwa kitambaa, mnunuzi mwenye subira huomba kikunjuliwe mita moja na nusu juu ya meza, kwa sababu madoa yanayoonekana kutawanyika ovyo yana mpangilio unaojirudia. Vitambaa vingi huchapwa kwa silinda zenye matundu, na silinda zinazotumika zaidi zina mzingo wa sentimita 64, kwa hiyo kundi lolote la madoa hujitokeza tena baada ya sentimita 64 au baada ya sehemu inayogawanya kipimo hicho sawasawa. Baadhi ya michoro ina mstari wa rangi iliyokolea unaokwenda na urefu wa kitambaa kuiga uti wa mgongo wa mnyama, na mingine ina madoa yaliyoelekezwa upande mmoja tu, hivyo vipande vyote vya sketi hulazimika kukatwa vikitazama upande uleule. Kwa sketi ya urefu wa sentimita 70 na nyonga ya sentimita 104, kitambaa cha upana wa sentimita 150 huruhusu vipande vya mbele na nyuma kukaa bega kwa bega, na mita 1.2 zinatosha; kitambaa cha upana wa sentimita 115 hulazimisha kipande kimoja kifuate kingine, na hapo zinahitajika mita 1.8. Mwenye kitambaa chenye mstari wa mgongo au madoa makubwa aongeze nusu mita. Kitambaa cha pamba hufuliwa, hukaushwa na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, maana kitapungua tu, na ni heri kipungue kikiwa bado hakijawa sketi.

Umbo linalopendekezwa ni sketi inayofuata mwili kutoka kiunoni hadi nyonga, kisha inatanuka kidogo hadi kwenye pindo, ikiishia kati ya goti na katikati ya muundi. Sketi ya kubana hadi chini haina budi kuwekewa mpasuo, na mpasuo huo hufunguka zaidi pale mvaaji anapopandisha mguu kwenye ngazi ya basi au anapokaa nyuma ya bodaboda, wakati ambapo angependa zaidi ufungwe. Sketi ya marinda mengi nayo hukunja madoa hadi yakawa vurugu ya kahawia. Kutanua kila upande wa kila kipande kwa sentimita nne tu kwenye pindo, kwa mwili wa mfano uliotajwa, hutoa mzingo wa sentimita 124 hivi chini, na mtu hupiga hatua yake ya kawaida bila mpasuo wowote.

Vipimo vinne vinatosha: kiuno, nyonga, kina cha nyonga na urefu. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hupima kwa inchi, na tepu zao zina inchi upande mmoja na sentimita upande mwingine. Hapa sentimita zinatumika kwa kuwa hugawanyika kwa nne bila sehemu za kusumbua. Anayejipima peke yake hufunga lastiki nyembamba kiunoni, akainama kushoto na kulia mpaka lastiki itulie yenyewe mahali pake, na kuiacha hapo kazi yote ikiendelea, kwa sababu kina cha nyonga na urefu hupimwa kutoka kwenye lastiki hiyo. Nyonga hupimwa mahali palipo papana kuliko pote, makalio yakiwemo, na mara nyingi huwa sentimita 18 hadi 23 chini ya kiuno. Ni lazima tepu iwe sambamba na sakafu, jambo ambalo mtu hawezi kulihakikisha akiinamisha kichwa kujitazama, kwani mwili ukiinama vipimo hubadilika. Kioo kilichosimamishwa ubavuni huondoa tatizo hilo. Kipimo huchukuliwa mvaaji akiwa na nguo za ndani atakazovaa na sketi, bila kuvuta tumbo ndani; uongo unaosemwa kwa tepu hujibiwa na zipu.

Mwili haushonewi kwa vipimo vyake halisi, kwa sababu unahitaji nafasi ya kupumua, kukaa na kula. Kwa kitambaa kisichovutika, kiuno huongezewa sentimita mbili na nyonga sentimita nne. Mwenye kiuno cha 76 na nyonga ya 104 atakata basi kwa 78 na 108, na tofauti ya sentimita 30 kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiini cha kazi nzima, kwa kuwa kitambaa kinachotosha nyongani lazima kipunguzwe kwa kiasi hicho kinapofika kiunoni. Sehemu ya tofauti hupunguzwa kwenye mishono ya ubavuni, na iliyobaki hupunguzwa kwa dati. Dati ni mkunjo wa umbo la kabari unaoshonwa kwa ndani, mpana kiunoni na unaomalizikia kwa ncha juu ya sehemu iliyojaa ya mwili, ambao hugeuza kitambaa bapa kuwa kitambaa chenye tumbo.

Makosa mengi ya sketi za kujishonea huanzia hapa, kwa sababu kitabu au fundi hugawanya tofauti hiyo kwa usawa kati ya mbele na nyuma ilhali miili haikugawanywa kwa usawa. Katika mfano huu nusu moja ya sketi ina sentimita 15 za kupunguzwa. Mwanamke mwenye makalio yaliyojaa na tumbo la wastani hunufaika akipunguza 6 mbele, yaani 3.5 ubavuni na dati moja ya 2.5, na 9 nyuma, yaani 3.5 ubavuni na dati mbili za 2.75 kila moja. Robo ya mbele, iliyokuwa na 27 nyongani, hubaki na 21 kiunoni. Robo ya nyuma hubaki na 18. Na jumla ni 39, ambayo ni nusu ya 78. Dati ya mbele huwa fupi, sentimita 9 au 10, kwa kuwa tumbo hujaa karibu na kiuno, wakati za nyuma hufika 12 hadi 14. Mwenye tumbo kubwa na makalio bapa hugeuza hesabu, huku akihakikisha kwamba mkunjo wa ubavuni wa mbele na wa nyuma unabaki sawa, la sivyo mishono miwili haitakutana vizuri.

Hesabu hiyo huhamishiwa kwenye kigezo, yaani umbo la karatasi linalofuatwa wakati wa kukata, na magazeti yaliyounganishwa kwa gundi hutosha kabisa. Kutoka hapo mshonaji mwenye haraka huenda moja kwa moja kwenye kitambaa cha chui, na hapo ndipo hujikosesha. Kigezo chapaswa kujaribiwa kwanza kwa sketi ya majaribio ya merikani, ile pamba nyeupe ya bei nafuu ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Zanzibar kwa wingi katika karne ya 19 mpaka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoikatiza biashara hiyo, na ambayo jina lake limebaki pwani baada ya wenyewe kuondoka. Shuka kuukuu lisilo na mchoro hufanya kazi hiyo vilevile. Sababu ni ile iliyokwisha elezwa: mikunjo inayoonyesha kasoro ni vivuli vyembamba, na vivuli vyembamba ndivyo hasa madoa ya chui yameumbwa kuvificha. Mbele ya kioo cha chumbani sketi ya madoa huonekana imekaa. Mvaaji atajua haikukaa atakapoketi, au itakapojizungusha kiunoni kabla hajafika kituoni.

Sketi ya majaribio hushikizwa kwa mishono mirefu ya milimita nne au tano, ambayo kwa mkono huitwa kupiga bandi, na huvaliwa mshono ukiwa ndani kama nguo ya kawaida, kwani ikivaliwa kinyume upande wa kulia wa mwili hupewa marekebisho ya kushoto, na ni wachache wenye pande mbili zinazolingana. Mikunjo ya mlalo inayokaza kupita nyongani husema kwamba kitambaa hakitoshi. Mikunjo ya wima inayoning'inia husema kimezidi. Mikunjo ya mshazari, yaani ya kwenda upande, huelekeza kidole mahali penye shida. Mshono wa ubavuni unapaswa kuning'inia wima kuelekea sakafuni, na ukivutwa nyuma maana yake ni kwamba makalio yanadai kitambaa zaidi, ambacho huongezwa katika upana na urefu wa kipande cha nyuma, la sivyo pindo la nyuma litapanda juu ya lile la mbele. Kasoro inayopuuzwa kuliko zote ni kile kikunjo cha mlalo kinachokaa chini kidogo ya kiuno upande wa nyuma, kwa watu ambao mgongo wao umeingia ndani. Wengi hudhani sketi inawabana na kuipanua, ilhali dawa yake ni kushusha ukingo wa kiuno katikati ya mgongo kwa sentimita moja au moja na nusu na kuuacha ukipanda polepole kuelekea ubavuni. Kwa kuwa mtu hawezi kujiona mgongo bila kujipinda, na akijipinda mikunjo yote huwa ya uongo, simu iliyosimamishwa kwenye kiti na kuwekewa muda wa kujipiga picha yenyewe ni msaidizi bora kuliko kioo. Marekebisho yote huandikwa kwenye kigezo kabla merikani haijafumuliwa.

Baada ya hapo kitambaa cha chui hutandazwa, na kazi ya kuchagua mahali pa madoa huanza. Madoa hayahitaji kukutanishwa kwenye mishono, nayo ni neema kubwa, ila macho ya watu hukimbilia doa lililo peke yake, hivyo doa kubwa jeusi lisiangukie katikati ya kalio moja, chini ya kitovu, wala juu kabisa ya goti. Njia rahisi ni kukata dirisha la umbo la kigezo katika karatasi kubwa na kulisogeza juu ya kitambaa mpaka kinachoonekana ndani yake kiridhishe. Kama mstari wa mgongo upo, huwekwa katikati ya mbele na katikati ya nyuma. Kipande cha nyuma hukatwa katika nusu mbili zenye mshono katikati, kwa kuwa mshono huo ndio unaobeba marekebisho ya mgongo na zipu, na katika madoa ya chui hauonekani. Mwenye kitambaa cha pundamilia hana uhuru huo, naye afadhali akate kipande cha nyuma kizima na kuihamishia zipu ubavuni kushoto. Nusu hizo mbili zisikatwe kutoka sehemu zinazofanana za mchoro, maana madoa yanayokabiliana kwa ulinganifu kamili huunda sura ya uso, na uso huo ukishaonekana mara moja hauachi kuonekana.

Ziada ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa kushona, ni sentimita 1.5 kila upande na 4 kwenye pindo. Sindano ya namba 80 inafaa kitambaa cha uzito wa kati, na ya 70 kilicho chepesi. Urefu wa mshono ni milimita 2.5. Uzi huchaguliwa kwa kulaza unyuzi mmoja juu ya kitambaa, si kwa kulinganisha kigurudumu kizima, na kati ya rangi mbili zinazoelekea kufaa iliyokolea zaidi ndiyo hupotea vizuri. Ukingo wa kiuno hupitishiwa mshono mmoja mara tu baada ya kukatwa ili usitanuke ukishikwashikwa. Kisha hushonwa dati, kutoka upande mpana kuelekea kwenye ncha, nazo hazirudiwi nyuma mwishoni. Nyuzi huachwa ndefu na kufungwa fundo kwa mkono, kwa sababu mshono unaorudiwa kwenye ncha hutengeneza kijipele ambacho hata madoa hayakifichi. Dati hulazwa kuelekea katikati kwa pasi. Anayeshona bila pasi karibu yake hujidanganya, kwani kila mshono unaopaswa kukatizwa na mwingine hulazwa kwanza, na krepu ya polista hupigwa pasi ya joto dogo juu ya kitambaa cha kuikinga.

Zipu ya kufichwa ya sentimita 20 au 22 huingizwa kabla ya mshono ulio chini yake kufungwa, ndipo mishono ya ubavuni hufuata, na sketi hujaribiwa tena kabla ya mkanda wa kiuno, kwa maana kitambaa halisi hakina tabia sawa na merikani. Mkanda hukatwa ukifuata mtande, ambao huvutika kidogo kuliko mshindio, na hukazwa ndani kwa kitambaa kigumu chenye gundi kinachobandikwa kwa pasi. Upana wa sentimita tatu unatosha, na unaozidi nne hujikunja mtu anapoketi. Ambaye kiuno chake hubadilika mara kwa mara anaweza kuweka lastiki katika nusu ya nyuma ya mkanda na kuiacha nusu ya mbele bapa, akikubali kwamba sehemu ya nyuma haitakaa kwa unadhifu uleule. Bitana, ambayo ni sketi ya pili nyepesi ya ndani, ni ya lazima kwa polista inayoganda miguuni. Hukatwa kwa kigezo kilekile, fupi kwa sentimita tatu, na mahali pa dati hukunjwa tu bila kushonwa hadi kwenye ncha, ili iwe na nafasi zaidi kuliko sketi yenyewe.

Pindo halishonwi siku hiyohiyo. Sketi hutundikwa usiku kucha, kwa kuwa sehemu za ubavuni, zilizokatwa kwa mshazari kidogo, hurefuka kwa uzito wake zenyewe, na ukingo uliokuwa sawa mezani huwa umeshuka pembeni asubuhi. Kipimo huchukuliwa kutoka sakafuni kwenda juu, mvaaji akiwa na viatu atakavyovaa na sketi hiyo mara nyingi, na hii ndiyo hatua pekee ambayo anayejishonea hawezi kuifanya vizuri bila mtu wa pili mwenye rula na pini. Ukingo hupitishwa kwenye mashine ya ovaloki au kushonwa zigizaga usifumuke, kisha pindo hushikizwa kwa mkono kwa mishono midogo inayochota uzi mmoja tu wa kitambaa cha nje. Mshono wa mashine ungekuwa wa haraka zaidi, nao kwenye madoa usingeonekana sana. Lakini hukaza ukingo na kuuzuia kuyumba, na sketi hupoteza mwendo wake hata kama hakuna anayejua sababu.

Sketi iliyokamilika hufuliwa ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji ya baridi, na kuanikwa kivulini, kwa sababu nyeusi ya madoa ndiyo hupauka kwanza na tandiko huonekana chafu karibu na nyeusi iliyofifia. Kigezo huandikwa tarehe, kiuno na nyonga, kikakunjwa na kutunzwa pamoja na kipande kidogo cha kitambaa, kwani doa la sigara au la pasi huzibwa kwa kiraka ambacho, kikikatwa kwa kufuata ukingo wa madoa, hata mwenye sketi atakitafuta kwa shida.